Msimbazi Mmoja kwa Siku: Kula Iringa na Mbeya bila Kufulia

Oya, tuelewane mapema. Ukimsikia mshkaji karudi Nyanda za Juu Kusini analia kwamba kule maisha ghali, muulize alikula nini. Utakuta alijifungia hotelini alikolala, akaagiza samaki wa baharini, akashushia na juisi ya boksi. Sasa fikiria. Samaki katoka pwani, boksi limetoka kiwandani mbali huko, vyote vimepanda mlima Kitonga mgongoni mwa lori. Kila kona ya Kitonga imo kwenye ile bili. Na hapo nje ya geti kuna mama anapakua wali wa Mbarali na maharage kwa buku mbili, mboga ya majani imechumwa asubuhi hiyohiyo.

Mchezo wote uko hapo. Huku kilichotoka karibu ndicho bei chee, na ndicho kitamu. Kilichosafiri kinakutoboa mfuko. Ukishika hilo tu, msimbazi mmoja, yaani noti ya elfu kumi, unakutosha siku nzima, mjini Iringa na Mbeya pia, na bado unaona kila kilichokupeleka.

Iringa: mji wa mguu

Tuanze na Iringa, maana ndiyo yenye stori nzito. Mji umekaa juu kilimani, Ruaha Mdogo unapita chini Ipogolo, na barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya inakatiza hukohuko chini. Mtwa Mkwawa wa Wahehe hakukaa hapa juu, ngome yake ilikuwa Kalenga, mwendo mfupi kwa gari ukiifuata barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake liliwavizia Wajerumani pale Lugalo likawachakaza, kamanda wao Zelewski akafia palepale. Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaivunja Kalenga Oktoba 1894. Mkwawa akaingia msituni akawasumbua miaka mingine, hadi Julai 1898 alipojimaliza mwenyewe kuliko kukamatwa. Fuvu lake walilibeba hadi Ujerumani, likarudi 1954 akakabidhiwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Liko makumbusho ya Kalenga mpaka leo, nenda kalione.

Hao Wajerumani ndio waliojenga mji huu wa juu. Boma lao bado limesimama katikati ya mji, na tangu 2016 ni makumbusho. Kwa mtu wa bajeti hapo kuna kheri: Boma, Soko Kuu, majengo ya kizamani na jiwe la Gangilonga vyote unavizungukia kwa mguu. Hela ambayo mji mwingine ungempa bajaji, huku inaenda tumboni.

Kingine kinachoshusha bei ni madenti. Iringa ina Chuo Kikuu cha Iringa, ina chuo cha Mkwawa, ina RUCU. Maelfu ya vijana wanaishi kwa bumu, na bumu likikata hakuna wa kumdanganya na sahani ya buku saba. Kwa hiyo fuata walipo. Mitaa ya Kihesa na njia zote za kuelekea vyuoni zimejaa vibanda vya msosi, na mwenye kibanda anajua akipandisha jero moja tu, kesho wateja wamehamia kwa jirani.

Asubuhi: baridi haitaki mchezo

Juni hadi Agosti Iringa inapiga baridi ya kukunja vidole. Usitoke na kaptura ukajifanya mwana wa pwani. Asubuhi unatafuta vitu viwili, chai ya maziwa na supu.

Chai hapa si ya kuulizia mara mbili. Majani yanalimwa Mufindi, hapohapo kwenye njia ya Mbeya, na maziwa ni ya ng'ombe wa huku. Kikombe kinakuja cheupe, kizito, na tangawizi ukitaka. Chapati mbili pembeni, au andazi kama mkwanja umekaza. Kwa buku na jero hivi umeanza siku.

Kama jana yake ulikesha, zama kwenye supu. Kuna ya utumbo, kuna makongoro, kuna ya kichwa. Mishale ya saa moja inachemka, saa nne ishaisha. Kama utumbo unakutia kinyaa, jua kwamba kule Edinburgh, Uskoti, watalii wanatoa hela ndefu kula haggis, na haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa na oti. Kilikuwa chakula cha kutotupa kitu, leo kina kitambaa mezani na mshumaa. Supu yetu bado inauzwa kwenye bakuli la plastiki kwa bei ya mpiga debe, kwa hiyo kunywa kabla wajanja hawajaiwekea mshumaa.

Mchana: mama ntilie na saa yake

Msosi wa mchana una saa yake. Fika kati ya saa sita na nusu na saa nane. Ukichelewa hadi saa tisa unakuta ukoko na mchuzi uliobaki, na bei ni ileile. Dalili ya sehemu nzuri ni nyomi ya makuli wa sokoni, madereva wa bodaboda na mafundi. Hao wanafanya kazi nzito, hawalipi hela kwa sahani nyepesi.

Na jinsi ya kuagiza nayo ni akili. Usifike ukaanza "nipe wali." Anza na salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Leo kuna wali, ugali, kande, maharage, nyama, dagaa."

"Niwekee ugali maharage, mama. Na mboga usinionee huruma."

"Kaa hapo. Wewe si wa huku, eeh? Ngoja nikuongeze."

Hiyo "ngoja nikuongeze" hailipiwi. Huku heshima inakula, na ukitupia "kamwene" kwa mtu mzima wa Kihehe umeshakuwa mtoto wa nyumbani. Maharage na mboga kwa kawaida unaongezewa ukiomba vizuri. Nyama haiongezwi, usijichoreshe.

Kande usizipite. Mahindi na maharage vimechemka pamoja mpaka vikaelewana, ukipata na parachichi pembeni huhitaji tena nyama. Mboga za majani ziko za kila namna: majani ya maboga, mnavu, figiri, chainizi. Zote za bustani za hapahapa, ndiyo maana mama hakubanii.

Halafu pita Soko Kuu ununue tunda. Desemba hadi Februari kuna fyulisi na matunda damu, msimu ukigeuka unakutana na mengine. Muuzaji wa fungu atakuruhusu uchague ukiongea naye kistaarabu. Beba mfuko wako, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na ule mbadala unauziwa.

Jioni: Gangilonga, kisha zege

Saa kumi na moja anza kupanda Gangilonga. Ni jiwe kubwa juu ya mji, na wazee wanasema Mkwawa alikuwa anapanda hapo kutafakari. Nunua hindi la kuchoma njiani, jero au buku kulingana na ukubwa, ukae juu uangalie mji mzima unavyowasha taa. Ila shuka kabla giza halijashika, na usiende peke yako.

Ukishuka, mji umebadilika. Mama ntilie kafunga, sasa ni zamu ya majiko ya chipsi na mishkaki. Zege la kawaida, yaani chipsi mayai, ni buku mbili na jero au tatu, kachumbari bure. Mishkaki unahesabu mwenyewe kwenye sahani, usikubali muuzaji akuhesabie.

Na kwa wanaokula, huku ndiyo nchi ya mdudu. Kitimoto inafugwa kila kijiji, kwa hiyo bei yake inamshinda ng'ombe kwa urafiki. Jichangeni washkaji watatu, nunueni kilo moja na ndizi za kukaanga, mtakula mpaka mnyamaze. Sheria moja tu: iive mpaka ndani kabisa. Nguruwe anayezurura anaweza kubeba mabuu ya tegu, na watafiti wamelipigia kelele tatizo hilo kwa miaka mingi huku nyanda za juu kusini, maana mabuu ya tegu yakipanda kichwani yanaleta kifafa. Nyama ikija na wekundu, irudishe jikoni bila aibu.

Ulanzi: kinywaji chenye ratiba

Sasa tuje kwenye glasi. Bia ya chupa bei yake unaijua, haibadiliki sana popote nchini. Kitu kinachotoka hapa ni ulanzi. Mianzi inapochipua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Mei, wagema wanakata ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, utomvu unadondoka kwenye kibuyu cha mwanzi wanachokiita mbeta. Ukinywa siku hiyohiyo ni mtamu, mtogwa, hata mgeni wa mara ya kwanza anaucheka. Ulanzi ukilala siku mbili tatu unakuwa mkangafu, na hapo wewe ndiye unayechekwa.

Unauzwa kwa lita, kwa jagi, kwa kopo, na hakuna pombe halali ya bei nafuu kuuzidi msimu ukiwa juu. Kiangazi ukiambiwa kuna ulanzi freshi, jiulize mara mbili umechanganywa na nini. Msimu ukiisha watu wanahamia komoni, ile ya nafaka, nzito kama uji, nusu kinywaji nusu chakula.

Kuhusu vilabu: nenda na mwenyeji, nenda mchana, kaa na wazee. Salimia kwanza, usipige picha hovyo. Stori za pale ni bure na mara nyingi zinamshinda mwongoza watalii wa kulipwa. Gongo usiiguse hata ukipewa ofa, hujui kilichochemshwa humo. Na ukitaka kubeba ulanzi kwenye basi, usifunge kizibo kwa nguvu. Unaendelea kuchacha njiani, gesi inajaa, na kabla hujafika Makambako dumu limelipuka kwenye begi la jirani.

Kwa wasiokunywa kilevi, mtindi wa Iringa ndiyo habari. Mji huu una viwanda vya maziwa, Asas ndiyo jina kubwa, na pakiti ya mtindi baridi na andazi ni chakula cha jioni kamili kwa mwanachuo aliyekwama.

Barabarani: sokoni bila kushuka

Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, mchana mzima kwenye basi. Hapa wengi ndipo wanapofulia, maana basi likisimama kwenye mgahawa wa safari dakika chache, watu wanakurupuka kununua kuku mkavu kwa bei ya kuku hai.

Fanya hivi. Kula kabla ya kupanda. Beba maji. Halafu ngoja dirishani. Mafinga na Makambako wauzaji wanakimbizana na basi: mahindi ya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga. Kila kituo kinauza kinacholima. Ukitokea Dar ulishaliona hilo, vitunguu Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula. Shika noti ndogo mkononi. Ukitoa msimbazi kununua hindi la jero dirishani, basi likiondoka chenji imebaki Mafinga, na muuzaji wala hajakuibia, ni dereva tu hakusubiri.

Mbeya: jiji lililojengwa na njia

Mbeya haina ngome ya chifu katikati ya mji. Stori yake ni ya hela na usafiri. Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ndiyo iliyowavuta watu miaka ya 1920 na 1930, Mbeya ikakua kama kituo cha kununulia mahitaji. Halafu ikaja TAZARA, reli iliyojengwa na Wachina na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, ikaunganisha Dar na Kapiri Mposhi. Ongeza barabara ya Zambia kwa Tunduma na ya Malawi inayokatia Uyole. Mji wa wasafiri, kwa hiyo msosi unapatikana saa zote.

Ukishuka, jielekeze Mwanjelwa. Soko la zamani liliungua 2006 likajengwa jipya la ghorofa, lakini chakula hakijawahi kupanda ghorofani. Kiko mitaani kuzunguka soko, kuelekea Kabwe na Mafiat. Soweto nako usikupite, na Uhindini kuna maduka ya kizamani ya kutazama huku unatafuna.

Mbeya ina bahati ambayo miji mingi inaililia: imezungukwa na chakula pande zote. Mchele unatoka Kyela na bonde la Usangu. Viazi vinashuka Uporoto na Umalila, utaviona Uyole vimefungwa lumbesa, gunia limevimba juu kama lina kilemba. Ndizi na parachichi za Rungwe. Kahawa na maharage ya Mbozi. Dagaa wa Ziwa Nyasa, usipa, wanapanda wakavu kutoka Kyela.

Sasa agiza kwa akili. Kila mwenye mgahawa atakwambia wali wake ni wa Kyela. Pua yako ndiyo hakimu: wa kweli unausikia kabla sahani haijatua. Usipa wa kukaanga na ugali ni protini ya bei ya chini kuliko nyama yoyote. Ukikutana na mbalaga, ndizi wanavyozipika Wanyakyusa, kaa chini ule, usiulize maswali.

Kuhusu chipsi nina neno. Viazi Mbeya ni rahisi, lakini mafuta ya kukaangia si ya Uporoto. Mengi ya mafuta ya kula nchini yanatoka nje, na bei yake ikipanda, sahani ya chipsi inapungua hata kama gunia la viazi limeshuka. Viazi vya kuchemsha na maharage, au vilivyochomwa na chumvi na pilipili, vinakukwepesha kodi hiyo ya mafuta. Wenyeji wanakula hivyo asubuhi na chai, wanashinda hivyo mpaka mchana.

Parachichi nayo ina siasa yake. Zile ndogo zenye ngozi ya mikwaruzo, Hass, zinawindwa na kampuni za kusafirisha nje, kwa hiyo bei yake inatazama Ulaya. Wewe chukua la kienyeji, kubwa, kijani, jero au chini ya hapo msimu ukiwa umechanganya. Linamshibisha mtu mzima.

Kahawa ya Mbozi inauzwa duniani, ila mtaani Mbeya utamkuta muuza kahawa na birika lake la mkaa na vikombe vidogo. Hela yake ni sarafu. Pale kijiweni unapata na uchambuzi wa soka, na ukitaka kujua nani mgeni na nani mwenyeji, taja Mbeya City na Prisons uone meza inavyogawanyika. Siku ya mechi Uwanja wa Sokoine, nje pote ni mahindi, mishkaki na karanga. Fika mapema, kula kabla ya filimbi, maana ikitoka nyomi bei nazo zinachangamka.

Msimbazi unavyogawanyika

Bei zinacheza kila msimu, ila mgawanyo wa siku unakaa hivi:

Asubuhi: chai ya maziwa na chapati mbili, buku na jero.
Mchana: wali au ugali, maharage na mboga, buku mbili.
Tunda: parachichi au fungu la fyulisi, jero.
Jioni: zege, buku mbili na jero.
Maji ya siku: buku.

Jumla 7,500. Imebaki 2,500 ya daladala, ya mtindi, au ya mchango wa kitimoto kesho. Ukitaka nyama mchana, toa zege jioni uweke viazi vya kuchoma, hesabu inarudi palepale. Ukitaka samaki wa baharini na juisi ya boksi, hiyo siyo bajeti tena, unachangia mafuta ya lori.

Na siku ukipata wageni wanaosema hawawezi kula mtaani, wapeleke uone. Kaeni sehemu ambayo chakula kinatoka jikoni kinafuka moshi, mnawe mikono kwa maji yanayomiminwa, maji ya kunywa yawe ya chupa. Tumbo haliharibiwi na bei ndogo, linaharibiwa na chakula kilicholala. Sahani ya buku mbili inayoisha saa nane haijawahi kupata muda wa kulala.

Kwa hiyo nenda. Msimbazi wako ukiisha saa saba mchana na bado una njaa, usilaumu mji. Rudi ukaangalie risiti, uone umelipia chakula kiasi gani na Kitonga kiasi gani.